Koti la kitani la rangi ya kahawia, na joto linalokuja nje ya majira yake

Koti ninalolitathmini hapa lilishonwa Mombasa mwezi wa Agosti 2018, kwa kitani cha rangi ya kahawia iliyokoza, kizito kiasi cha gramu 300 hivi kwa mita, na tangu hapo nimelivaa London, mara nyingi katika siku ambazo joto halikulingana na mwezi. Nimeona liandikiwe kwa kirefu kwa sababu swali ambalo ndugu na jamaa wanaoishi Ulaya huniuliza zaidi kuhusu mavazi halihusu bei wala mtindo. Wanataka kujua kama joto likizuka Septemba au Februari inafaa kutoa nguo za kiangazi sandukuni, au mtu avumilie sufu yake hadi hali ya hewa irudi ilivyozoeleka. Baada ya kulivaa koti hili kwa miaka kadhaa, nasadiki kwamba uzito wa kitambaa uchaguliwe kwa joto la siku yenyewe, kuanzia asubuhi hadi saa ya kurudi nyumbani, na rangi yake ichaguliwe kwa mwezi.

Sisi tuliokulia pwani hatukufundishwa kuvaa kwa tarehe. Kaskazi ikivuma watu huvaa pamba nyepesi, kipupwe kikiingia watoto huvishwa sweta asubuhi, na ikitokea siku ya jua kali katikati ya Julai hakuna anayemtazama mara mbili aliyerudia shati lake jepesi. Ugenini mambo ni tofauti. Kwa Wamarekani wanaoshika mila, nguo nyeupe na suti za sirisaka, ile pamba ya mistari yenye vijikunjo, huanza kuvaliwa Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, na huwekwa kando Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. (Jina la kitambaa hicho limetokana na Kiajemi, maziwa na sukari, kwa kuwa mstari mmoja ni laini na wa pili una chenga. Neno sukari ni lilelile tunalotilia chai.) Waingereza hawana tarehe za namna hiyo, lakini macho yao yamezoea kuona rangi fulani katika mwanga fulani, na mgeni anayefanya kazi ya ofisini huligundua hilo haraka.

Jaribio kubwa la koti hili lilikuwa wiki ya tarehe 4 hadi 10 Septemba 2023. Joto lilipita nyuzi 30 mahali fulani nchini Uingereza kwa siku saba mfululizo, jambo ambalo halikuwa limewahi kurekodiwa katika mwezi wa Septemba, na Jumapili iliyofunga wiki hiyo mji wa Faversham, katika jimbo la Kent, ulifika nyuzi 33.5. Jumamosi yake tulikuwa na harusi ya binamu yangu. Nilipanda treni ya chini ya ardhi ya njia ya Central, ambayo mabehewa yake hayana kiyoyozi, nikiwa nimevaa koti hili, shati la pamba nyeupe na suruali ya sufu nyepesi ya rangi ya majivu.

Upande wa nje kitani kilifanya kazi yake kwa ukamilifu. Nyuzi za kitani hunyonya unyevu haraka na kuuachia haraka, na kitambaa changu kimefumwa kwa namna ambayo ukikiinua mbele ya dirisha unauona mwanga ukipenya kati ya mtande na mshindio, kwa hiyo hata upepo mdogo wa mlangoni huhisika begani. Rangi nayo ilinipa utulivu niliouhitaji. Wageni kadhaa walivaa suti za kitani za rangi ya maziwa, na hakuna aliyewalaumu, lakini alasiri ile, jua likiwa limeshainama na majani ya miti ya uani yakiwa yameanza kugeuka, kahawia ilikaa mahali pake na rangi ya maziwa ikabaki ya Julai. Ukizitazama picha za siku hiyo utaiona tofauti hiyo bila kuelezwa.

Tatizo lilikuwa ndani. Tulipokaa kwenye chakula nililivua koti nikalitundika kwenye kiti, na nilipopitisha mkono nikakuta kitani kikavu kabisa kwa nje huku bitana ya mgongoni ikiwa imeloa na kunata kama mfuko wa plastiki uliotoka kubeba samaki. Shati langu lilikuwa limeshikana na ngozi kuanzia mabegani hadi kiunoni. Bitana ile ni ya poliesta, imeshonwa koti zima, na inafuta faida yote ya kitambaa cha juu, kwa sababu mvuke wa mwili hukwama hapo kabla haujakifikia kitani.

Nakumbuka vizuri jinsi ilivyoingia. Siku ya kupima, fundi, mzee mwenye mkono mzuri ambaye kwa mabega na kola simlaumu hata kidogo, aliniambia, "Mwanangu, koti lisilo na bitana halikai mwilini." Nikamjibu, "Sawa mzee wangu," nikaondoka bila kuuliza ni bitana ya namna gani wala inafika wapi. Alikuwa na haki kwa upande wa umbo: mikono ya koti inahitaji kitu laini ili mkono wa shati uteleze, na mabega yanahitaji kushikiliwa. Lakini mgongo wa koti la joto unaweza kubaki wazi kabisa, na ile sehemu ndogo inayobaki inaweza kuwa ya viskosi, kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na miti, au ya pamba laini. Mtu anayeshonesha koti la kitani leo, iwe Mombasa, Dar es Salaam au Birmingham, aliseme jambo hili kabla mkasi haujagusa kitambaa, kwa maneno yaliyo wazi: bitana mabegani na mikononi tu, mgongo usiwekwe kitu, na mishono ya ndani izungushiwe utepe.

Utepe huo naukumbuka kwa sababu ulinigharimu. Mwezi uliofuata harusi ile nilimpelekea fundi mwingine, hapa London, aiondoe bitana ya mgongoni, naye akanionyesha kwamba kingo za kitambaa chini yake zilikuwa zimeachwa ghafi, zikitoa nyuzi. Kuzizungushia utepe wa pamba kulichukua siku mbili, na malipo yake yalikaribia nusu ya shilingi 14,000 nilizomlipa fundi wa kwanza kwa ushoni wa koti zima. Hata hivyo sijutii, kwani koti lililorudi ni kitu kingine kabisa. Ukilivaa unasikia hewa mgongoni.

Sasa nieleze siku ambayo koti hili halikufaa, na ambayo lawama yake ni yangu peke yangu. Tarehe 26 Februari 2019 bustani ya Kew Gardens, London, ilifika nyuzi 21.2, joto la juu kuliko lolote lililowahi kupimwa Uingereza katika majira ya baridi. Siku moja tu kabla yake ndipo nyuzi 20 zilipopitwa kwa mara ya kwanza katika majira hayo. Mchana niliona watu wameketi kwenye nyasi kama mwezi wa Juni, nami nikajiona mwerevu kwa kutoka na kitani. Lakini jua la Februari huzama saa kumi na moja na nusu jioni, na baada ya hapo baridi hurudi kama haikuondoka. Kitani hakihifadhi joto, na upepo ulioingia kwa urahisi mchana uliingia kwa urahisi uleule usiku. Nilisimama kituoni nikisubiri basi huku nimekunja mikono kifuani, na bitana ile ile ninayoilaumu ndiyo iliyonisitiri kidogo.

Ndiyo maana sizitazami siku za joto la Septemba na za Februari kama kitu kimoja. Septemba ardhi na kuta za nyumba bado zimebeba joto la kiangazi, na usiku wa wiki ile ya 2023 ulikuwa wa kulala madirisha wazi. Februari joto hudumu kwa muda wa saa tano au sita tu. Kwa siku ya namna hiyo kitambaa kinachofaa ni sufu nyepesi iliyofumwa wazi, ambayo hupitisha hewa mchana na bado hukinga jioni, pamoja na shati la kitani ndani ukipenda, kwa kuwa shati hufunikwa. Oktoba iko katikati. Rekodi ya mwezi huo nchini Uingereza ni nyuzi 29.9, zilizopimwa Gravesend, Kent, tarehe 1 Oktoba 2011, na kwa siku ya aina hiyo ningelivaa koti hili bila wasiwasi, mradi nibebe skafu ya kurudia nyumbani.

Kuhusu mikunjo sina mengi. Kitani hukunja, na kizito kama hiki hukunja kwa mistari mipana inayopendeza, tofauti na kile chepesi cha mashati kinachokunjamana kama karatasi. Mahali pasipopendeza ni nyuma ya magoti, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutoshonesha suruali ya kitani hichohicho. Sababu ya pili ni kwamba suti nzima ya kitani inatangaza kiangazi kutoka kichwani hadi miguuni, ilhali koti peke yake juu ya suruali ya sufu au ya pamba nzito linakubalika miezi miwili zaidi. Vifungo vya pembe vimedumu. Mfuko wa ndani ni mdogo mno kwa pasi ya kusafiria.

Kwa jinsi lilivyo leo, bila bitana ya mgongoni, nalipendekeza kwa yeyote anayeishi mahali ambapo joto limeanza kuja bila kuaga, na ningechagua tena kahawia kabla ya buluu iliyokoza, kwa sababu buluu mvua ikiinyeshea kidogo huonyesha kila tone. Huwa nalipiga pasi likiwa bado na unyevu, kwa upande wa ndani, na siliweki sandukuni hadi wiki ya tatu ya Oktoba. Koti la pili nimeshaagiza Mombasa kwa mzee yuleyule, safari hii la rangi ya zeituni, na maelezo ya bitana nimemtumia kwa maandishi.