Matundu ya USB Hayatoshi: Habu, Kibati cha Nyuma au Kadi ya Ndani?

Wadau, karibuni. Hii hapa mezani ni Dell OptiPlex 790, mashine ya ofisi ya mwaka 2011. Wengi mmeinunua ikiwa imeshatumika, na kwa stationery au ofisi ndogo bado inapiga kazi vizuri tu. Ngoja niigeuze muone nyuma. Matundu yapo, ila yote meusi, yaani USB 2.0 kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Kaka, niongezeje matundu?", na mimi namuuliza: unataka kuchomeka nini?

Kama ni kibodi, mausi, skana ndogo na fleshi za wateja, chukua hii habu, yaani kifaa kinachogeuza tundu moja la USB kuwa mengi, ya bei rahisi isiyo na adapta ya umeme, maisha yaendelee. Printa nayo haina shida, inakula umeme wake kutoka ukutani.

Shida inaanza na hadi diski (hard disk) ya nje. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500, basi. Habu ya aina hii inagawa hizohizo 500 kwa kila ulichochomeka, hakuna inachoongeza. Diski ya kuzunguka inapoanza kuamka inaweza kutaka hata ampea nzima. Ndipo unasikia tak, tak, tak, Windows inalia kwamba kifaa kimechomoka, kimerudi, kimechomoka tena. Watu wanadhani diski imekufa kumbe ina njaa. Na ikikatika katikati ya kuandika, faili za mteja zinaweza kuharibika kweli.

Habu yenye adapta yake inatibu njaa hiyo. Angalia maandishi kwenye adapta: volti 5 na ampea 2 ni wati 10 tu, hata kama habu ina matundu saba. Halafu fanya jaribio hili kabla risiti haijapotea. Zima kompyuta, chomoa waya wake wa ukutani, acha habu ikiwa na umeme. Ukiona taa ya kompyuta inawaka au feni inajigusa, habu inarudisha umeme kwenye mashine. Irudishe dukani.

Ila kasi haiongezeki. Habu iliyochomekwa kwenye tundu la 2.0 ni 2.0, hata boksi liandike nini. Megabiti 480 kwa sekunde, ukitoa gharama za njiani, unabaki na kama megabaiti 35 kwa sekunde. Wewe unayepiga video za harusi, faili la GB 40 litakuchukua karibu dakika 20. Diski hiyohiyo kwenye USB 3.0, dakika sita au saba.

Kuna hiki kibati cha nyuma, kinafungwa nyuma ya kasha, waya wake unachomekwa kwenye pini 9 za mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na unapata matundu mawili ya 2.0. Bei yake ndogo na hakihitaji draiva, ile programu ya kukitambulisha kifaa kwa Windows. Fungua kasha kwanza uone kama hizo pini zipo na ziko wazi. Mashine mpya zaidi zina soketi ya pini 19, hiyo inatoa mawili ya USB 3.0. Kwenye 790 usiitafute.

Sasa hii ndiyo ninayoipendekeza mimi: kadi ya PCIe, inayochomekwa kwenye sloti ya ndani ya mazabodi. Ni fupi, x1, yaani ya njia moja ya data, lakini inaingia hata kwenye sloti ndefu. Msiichanganye na ile sloti ya zamani ya PCI, humo haiingii. Kadi hii ina matundu manne na chipu ya VL805 ya VIA, ileile iliyomo kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Zenye chipu ya Renesas nazo nzuri. Muuzaji akikuambia ya matundu saba ni bora zaidi, tabasamu tu. Njia moja ya PCIe 2.0 inapitisha megabaiti 500 kwa sekunde, na matundu yote yanagawana hizo.

Cha kukazia macho ni hapa, mnaona hii soketi ya umeme mgongoni? Matundu manne ya USB 3.0 yakinywa kikamilifu ni wati 18, na sloti ndogo kama hii unaihesabia 10. Kadi isiyo na soketi hii mimi sinunui. Ichomeke kwenye waya halisi wa pawa saplai. Zile adapta za kugeuza plagi ya umeme ya Molex kuwa ya SATA (aina mbili za plagi za pawa saplai) ambazo plastiki yake imemwagiwa juu ya nyaya, ziepukeni, zimeshayeyuka na kuwaka.

Mwenye 790 ya kasha jembamba, hakikisha ndani ya boksi kuna kibati kifupi cha kuishikilia kadi, la sivyo kadi haitakaa. Na ukiwa bado kwenye Windows 7, tafuta draiva ya chipu kabla hujafunga kasha. Windows 8 kuendelea inaitambua yenyewe.

Jambo la mwisho, hili linawasumbua wengi. Ukishaweka USB 3.0, mausi isiyo na waya inaweza kuanza kurukaruka. USB 3.0 inatoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Toa kipokezi cha mausi pale nyuma, kiweke kwenye tundu la mbele, mbali na diski.