Chupa ya shaba ya lita moja: ni shaba kweli, ila usiitie ukwaju

Nimeitumia miezi minne, kwa hiyo sisemi kwa furaha ya siku ya kwanza. Ni chupa ya lita moja, imetengenezwa India, nimeinunua kwenye duka la vyombo hapa Ngamiani, Tanga, kwa shilingi 38,000. Muuzaji alianzia 50,000. Nilimwambia waziwazi kwamba mimi ni mwalimu wa kemia, naenda kuipima, na nikikuta ni chuma kilichopakwa rangi nairudisha. Akacheka. "Pima, mwalimu."

Nikapima. Sumaku ya spika haikunata, lakini hilo halitoshi, maana hata chuma cha pua kiko ambacho hakishiki sumaku. Nikachukua ile sumaku kali niliyoichomoa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa, nikaiinamisha chupa na kuiachia sumaku iteremke ubavuni. Ilishuka kwa kusitasita, kama imepakwa asali. Hiyo ndiyo tabia ya metali inayopitisha umeme vizuri: sumaku ikitembea inazusha mkondo ndani ya metali, na mkondo huo unaivuta sumaku nyuma. Wanafunzi wangu waliirudia mpaka kengele ikalia.

Kisha mizani. Bila kifuniko ina gramu 294, na nilipoizamisha yote ikamwaga mililita 33 za maji. Gawanya: 8.9. Vitabuni shaba ni 8.96, chuma ni 7.9 hivi, aluminiamu 2.7. Silinda yetu ya kupimia si ya kuapia, na kosa la mililita moja lingeweza kunifikisha karibu na shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki. Hapo rangi ndiyo iliyoamua. Kiswahili kinaziita zote shaba, sinia la njano la bibi na waya mwekundu wa umeme, lakini hii chupa ni nyekundu, na ndani inakokwaruzika ni nyekundu vilevile. Muuzaji hakunidanganya.

Sasa matumizi. Usitie chai. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko chuma cha pua, kwa hiyo chai ikiingia tu, kiganja kinajua. Maji ya friji nayo yanaifanya itoke jasho na kulowanisha daftari za kusahihisha mkobani. Na mkobani penyewe inavuja ikilala, kwa sababu mpira wa kifuniko ni mwembamba kama ulikatwa kwenye puto. Hilo ndilo kosa kubwa la bidhaa yenyewe. Kosa lililofuata ni la nyumbani kwangu.

Mama mkwe alikuja kutusalimia mwezi wa Ramadhani. Akaiona chupa, ndani imeshakuwa ya kahawia, jambo la kawaida kwa sababu oksijeni huishika shaba taratibu na kuiachia utando mweusi-kahawia. Mwenyewe akaona uchafu. Usiku akaijaza juisi ya ukwaju, ikakaa mpaka daku. Aliponiita alikuwa na furaha: "Mwanangu, njoo utazame, chupa imetakata yenyewe!"

Kweli ilikuwa imetakata, ndani inang'aa waridi. Ukwaju na ndimu ndivyo tunavyosugulia masinia na madele pwani hii tangu enzi za mababu, na vinafanya kazi kwa sababu asidi yake huuyeyusha ule utando. Sasa jiulize utando umekwenda wapi. Umo kwenye juisi. Nilionja, ikawa kama kulamba sarafu, nikaimwaga. Yeye alikuwa ameshakunywa glasi mbili, na kichefuchefu kilimshika mpaka jua likatoka. Namshukuru Mungu haikuzidi hapo.

Niliposimulia darasani, binti mmoja wa kidato cha tatu akanyanyua mkono: "Mwalimu, si ulisema shaba hailiwi na asidi?" Swali zuri. Shaba iko chini ya haidrojeni kwenye ile orodha inayozipanga metali kwa wepesi wa kuungana na vitu vingine, kwa hiyo ukiitumbukiza kwenye asidi hafifu haitoi mapovu. Lakini oksidi ya shaba, yaani ule utando, huyeyuka kwenye asidi bila shida, na hewa iliyomo ndani ya juisi huendelea kutengeneza nyingine. Usiku mzima ni muda mwingi. Nikawaonyesha mrututu, zile fuwele za bluu za maabarani zenye shaba ndani yake, ambazo wakulima wa kahawa wanazijua kwa kupiga ukungu. Shaba iliyoyeyuka ndiyo hiyo. Kinachoua ukungu si kinywaji.

Je, maji matupu? Hapo niko upande wa chupa. Mwili wenyewe unahitaji shaba kidogo, miligramu 0.9 kwa siku kwa mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita ya maji ya kunywa. Watafiti wa India walichapisha mwaka 2012 kwamba maji yenye bakteria wa kuhara yakikaa saa 16 ndani ya chungu cha shaba, bakteria hao hawapatikani tena wakiwa hai, na shaba iliyoingia majini ilikuwa chini sana ya kikomo hicho. Marekani nao mwaka 2008 walizisajili aloi za shaba, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine, kama vifaa vya kuua bakteria, kwa vitu kama vitasa vya milango. Hata hivyo maji ya bomba naendelea kuyachemsha. Chupa haichuji tope, wala haiondoi chumvi ya kisima. Na mwenye ugonjwa wa Wilson, ambao mwili wake haujui kuitoa shaba, asiiguse kabisa.

Kijikaratasi cha ndani ya boksi kinasema inapunguza uzito, inatibu tezi la shingo na maumivu ya magoti. Magoti ya mama mkwe yako vilevile. Kama muuzaji anasoma hapa, akitoe.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kifuniko. Nilirudi dukani, nikapewa mpira mzito zaidi kwa shilingi 1,000, na sasa haivuji. Ubavuni nimebandika plasta niliyoandika MAJI TU kwa kalamu ya wino mzito. Mama mkwe aliisoma, akaguna, akaniomba hiyo juisi yangu nimtilie kwenye jagi la kioo, na ukwaju uliobaki akaenda nao uani kusugulia sinia.