Makumbusho ya Bank of England, London: dhahabu inavutia, ila noti ndizo zilizonishika

Kuingia kwenye makumbusho haya ya benki kuu ya Uingereza ni bure. Naanza na hilo kwa sababu London ni mji ambao hata kuvuta pumzi unahisi utatozwa, na wengi wetu tukienda kumtembelea ndugu tunaishia kupiga picha darajani na kurudi zetu. Hapa hulipi kitu. Ila angalia siku: makumbusho haya hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Jumamosi, Jumapili na sikukuu yamefungwa. Shuka kituo cha treni cha Bank, lakini usiufuate ule mlango mkubwa wa benki ulioko Threadneedle Street. Wa makumbusho uko ubavuni, kwenye kinjia kinachoitwa Bartholomew Lane. Mikoba inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege.

Nimekuwa keshia wa benki Mwanza kwa miaka mingi, kwa hiyo ninayoandika hapa ni maoni ya mtu aliyeshinda dirishani akizipapasa noti za watu. Nilikwenda na mtoto wa dada yangu anayesoma huko.

Unaanzia kwenye ukumbi uliojengwa upya kwa mfano wa ofisi ya hisa aliyoichora mbunifu John Soane miaka ya 1790: kuba juu, mwanga unashuka toka darini, kaunta za mbao. Kwa mtu wa kazi yangu, kuiona kaunta ya zamani ile kuligusa moyo. Hapo unasimuliwa mwanzo wa yote: mwaka 1694 Mfalme William wa Tatu alihitaji fedha za kupigana na Ufaransa, matajiri wakachanga pauni milioni 1.2 wakaikopesha serikali kwa riba ya asilimia 8, na wakopeshaji hao ndio wakawa benki. Yaani benki kuu ambayo nyingi duniani zimeiiga ilizaliwa kutokana na deni la vita. Nilikuwa nikilijua hilo kwa kulisoma tu. Pale lilinikaa.

Jengo lenyewe sehemu kubwa si la Soane tena. Lilibomolewa na kujengwa upya kati ya 1925 na 1939 na Herbert Baker, yule yule aliyechora Ikulu ya Nairobi. Mtu wa Nairobi akizitazama zile nguzo atahisi anawajua ndugu zake.

Watu wengi hujipanga kwenye mche wa dhahabu. Umewekwa ndani ya kasha gumu linaloonyesha, lenye tundu la kupitisha mkono. Unaingiza mkono, unaushika, unajaribu kuunyanyua. Ni kama kilo 13, na kwa mkono mmoja uliopinda vile si mchezo. Kijana wangu akaunyanyua, akauachia, akaniuliza, "Mama mdogo, sasa huu ukikaa chini ya ardhi unamfaa nani?" Nikamwambia asome noti za zamani zilizo mbele, atapata jibu. Chini ya benki hiyo mna miche ipatayo 400,000, nyingi ikiwa ni mali ya serikali na benki za nchi nyingine, lakini mgeni wa makumbusho hafikishwi huko.

Sehemu ya noti ndiyo iliyonishika nikasahau miguu. Noti za kwanza ziliandikwa kwa mkono: fulani ameweka kiasi fulani, benki inaahidi kumlipa mwenye karatasi hii atakapodai. Ahadi hiyo bado imechapishwa kwenye pauni mpaka leo. Kisha ukafika mwaka 1797. Wafaransa walitua pwani ya Wales, watu wakakimbilia kutoa dhahabu yao, na serikali ikaamuru benki isimlipe mtu dhahabu. Amri hiyo ilidumu mpaka 1821. Badala ya sarafu zikatolewa noti ndogo za pauni 1 na pauni 2, zikaingia mikononi mwa maskini ambao hawakuwa wamewahi kushika noti, wengine hawajui kusoma. Zilikuwa rahisi mno kuigiza. Na adhabu ya kughushi ilikuwa kifo: zaidi ya watu 300 walinyongwa katika kipindi hicho. Mwaka 1819 mchoraji George Cruikshank alichora noti ya dhihaka yenye safu ya watu wananing'inia kitanzini, na hasira ya wananchi ikapanda.

Nilisimama hapo muda mrefu, maana hali ile naijua. Anakuja mama muuza dagaa na mauzo yake ya siku, katikati ya noti mna moja ya bandia. Hajui aliipata wapi. Utaratibu ni kuizuia, na harudishiwi kitu. Hasara yote inamwangukia aliyeishika mwisho, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kidogo kuliko wote. Nimewahi kuyaona machozi ya namna hiyo dirishani kwangu. Kufikiri kwamba kulikuwa na zama ambapo mtu wa hali hiyo, akishukiwa kuwa alijua, angeweza kupelekwa kunyongwa, kulinitia uchungu. Nasema wazi: kosa lilikuwa la waliotoa karatasi rahisi kuigiza wakawaachia wanyonge mzigo wa kuitambua.

Kughushi hakukuishia kwa vibaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wanazi waliwalazimisha wafungwa Wayahudi katika kambi ya Sachsenhausen kutengeneza pauni bandia, zikawa nzuri kiasi kwamba mwaka 1943 benki iliacha kutoa noti za pauni 10 na kupanda juu. Ukitoka hapo unaelewa kwa nini noti za leo ni za plastiki, zikianza na ya pauni 5 mwaka 2016, zenye kidirisha cha kuonea upande wa pili. Keshia yeyote akisoma haya atatamani wenzake kazini wayaone.

Kuna jambo nilikwenda nalo mwenyewe kutoka nyumbani. Bibi yangu alikuwa na senti za tundu katikati, za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo iliundwa mwaka 1919, makao yake yakiwa London, na kuanzia 1921 ikatoa shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni moja. Shilingi ile ilitegemea pauni zilizowekwa London. Kwa hiyo Uingereza ilipoacha kuibadilisha pauni kwa dhahabu mwaka 1931, pauni ikashuka na shilingi ya bibi ikashuka nayo, bila mtu wa Mwanza, Kampala au Mombasa kuulizwa. Mpaka 1966, Tanzania, Kenya na Uganda zilipopata benki kuu zao. Nilimsimulia kijana wangu haya tukiwa kati ya zile noti, na swali lake la dhahabu likapata jibu: anayeishika dhahabu iliyo nyuma ya ahadi ndiye mwenye sauti.

Nilibahatika pia kuyakuta maonyesho ya utumwa na benki hiyo, yaliyofunguliwa 2022 na sasa yamekwisha. Karne ya 18 benki iliikopesha kampuni ya wafanyabiashara, ikashindwa kulipa, na benki ikachukua mashamba mawili katika kisiwa cha Grenada huko Karibi, yaitwayo Bacolet na Chemin, pamoja na watu 599 waliokuwa watumwa humo. Majina yao yaliandikwa pale. Niliyasoma taratibu kadiri nilivyoweza. Benki iliomba radhi mwaka 2020 kwa sababu ya magavana na wakurugenzi wake wa zamani waliohusika na utumwa. Kuyaweka mambo hayo ndani ya nyumba yako mwenyewe, wageni wayasome, ni jambo la heshima na ningependa benki nyingi zaidi zifanye hivyo.

Makumbusho si makubwa. Saa moja na nusu inatosha kwa asiyesoma kila kibao. Anayesoma kama mimi atenge mchana mzima. Maelezo ni ya Kiingereza, kwa hiyo ukienda na mzazi asiyekijua, jiandae kutafsiri. Watoto wa shule watafurahi na dhahabu.

Ambaye nafasi yake ni Jumamosi na Jumapili tu, aende British Museum, chumba namba 68. Ni bure pia, na humo mna historia ya fedha za dunia nzima, tangu sarafu za dhahabu za Croesus, mfalme wa kale wa Lydia, Uturuki ya leo.