Huduma ya ngazi tatu kwa watoto wanaosoma kwa shida: tathmini ya mlezi wa Nsambya

Shule ya msingi ya binafsi anakosoma mpwa wangu hapa Nsambya, Kampala, hutoza nyongeza juu ya karo kwa ajili ya kuwatambua mapema watoto wanaosoma kwa shida na kuwasaidia kwa ngazi tatu. Kwa sehemu kubwa nimeridhika nayo.

Kila muhula unapoanza, watoto wote, hata wale wanaosifiwa, huitwa mmoja mmoja kusoma kwa sauti herufi, maneno na kifungu kifupi kwa dakika moja. Anayemudu huendelea na mafundisho ya kawaida ya darasani. Anayekwama huingizwa katika kikundi cha watoto wachache wanaotatizwa na jambo lile lile. Na asiyesonga mbele hata huko hufundishwa peke yake. Kikundi ndicho kinachostahili sifa, kwani mwalimu hupima upya kila baada ya majuma mawili, humwonyesha mzazi daftari la matokeo, na mtoto aliyeinuka hurudi kwa wenzake bila kuitwa mjinga. Kwingineko tumezoea kungoja ripoti ya mwisho wa muhula, inayotaja nafasi aliyoshika mtoto na kunyamaza kuhusu asichokijua.

Kasoro iko kwenye lugha ya kipimo. Mtaala ulioanza mwaka 2007 unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo pale inapowezekana, lakini shule hii, kama nyingi za mjini, hutumia Kiingereza tangu mwanzo na hupima kwa Kiingereza tu. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili, kama walivyo wengi wa familia zilizotoka Kongo, huweza kushindwa na kifungu kwa kutojua maneno yake, ilhali kuunganisha silabi anaweza vizuri kabisa. Mpwa wangu aliwekwa ngazi ya tatu kwa sababu hiyo, mpaka mwalimu alipokubali kumsikiliza akisoma Kiswahili. Karatasi moja zaidi ya kipimo ingetosha kuepusha hayo. Macho na masikio pia hayakaguliwi, jambo ambalo kwa maoni yangu lingetangulia yote.

Nchini Marekani, ambako mpango wa namna hii umeenea, hukadiriwa kwamba watoto 80 hivi katika kila 100 hutoshelezwa na mafundisho ya darasani, 15 huhitaji kikundi, na 5 msaada wa peke yao. Hapa karibu nusu ya darasa la pili iko kwenye vikundi. Kwa idadi hiyo, la kurekebishwa kwanza ni somo linalofundishwa darasa zima, na ndipo ningependa nyongeza tunayolipa ianze kutumika muhula ujao.