Darasa la jioni la dau la Pascal: hesabu imenyooka, mwisho umeharakishwa

Kozi hii ya vipindi vinne, katika ukumbi wa kukodi katikati ya jiji la Nairobi, inashughulikia swali moja: je, ni haki mtu kumwamini Mungu kwa sababu ya manufaa, hata kama ushahidi haujamtosheleza? Mkufunzi analiheshimu swali lenyewe. Hahubiri, wala hambezi anayeamini.

Kipindi cha kwanza ndicho bora. Hoja ya Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafalsafa Mfaransa, iliyochapishwa mwaka 1670, miaka minane baada ya kifo chake, inachorwa ubaoni kwa visanduku vinne: Mungu yupo au hayupo, unaamini au huamini. Kisha hesabu zinaanzia kwenye shilingi, na yeyote aliyewahi kubeti anazifuata. Ukiweka 500 kwa zawadi ya 1,000,000, na nafasi yako ni moja kwa 100, dau lina thamani ya 10,000: weka. Nafasi ikishuka hadi moja kwa 10,000, thamani ni 100 tu: acha. Lakini zawadi isipokuwa na kikomo, kama uzima wa milele anaouahidiwa anayeamini, hata nafasi ndogo kabisa, mradi si sufuri, inafunika gharama yoyote ya kawaida. Nguvu yote ya hoja imo humo.

Udhaifu wake pia umo humohumo, na hapo kozi inalegea. Nusu ya kisicho na kikomo bado haina kikomo. Kwa hiyo anayeamua kurusha sarafu, aamini ikiangukia upande mmoja tu, thamani ya dau lake ni sawa na ya anayeamini leo. Jedwali haliwezi tena kumwambia mtu afanye lipi. Kitini kinaliruka jambo hili kabisa! Pingamizi la Diderot, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 18, kwamba hata imamu anaweza kutoa hoja hiyohiyo, linapewa dakika chache, ilhali hapa jijini mtu anatembea kwa miguu kutoka Holy Family Basilica hadi Msikiti wa Jamia. Safu moja zaidi kwenye jedwali ingetosha kuonyesha hesabu inavyokwama pande zote mbili zikiahidi zawadi isiyo na kikomo.

Suala la imani kutokuja kwa kuamrishwa limeelezwa vizuri: Pascal mwenyewe alishauri kuanza na matendo, maji ya baraka na misa, moyo ufuate. Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani aliyetetea kumwamini Mungu kwa sababu za kimaadili, amepitiwa juujuu.

William James, mwanafalsafa Mmarekani, na hoja yake ya 1896 alistahili kipindi kizima. Anaruhusu kuamini kabla ya ushahidi kutimia pale tu ambapo uchaguzi uko hai kwa mhusika (yaani anauona kuwa unawezekana kwake), haukwepeki, una uzito, na akili haiwezi kuuamua kwa ushahidi. Masharti hayo yakisomwa haraka, watu wanatoka wakidhani James aliruhusu kuamini lolote linalopendeza.

Kinachouma zaidi ni kumwacha Oruka Rang'inya, mmoja wa wazee wenye hekima waliohojiwa na mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwake, Mungu ni wazo la wema wenyewe, nalo lina manufaa katika maisha. Hiyo ni hoja ya kivitendo isiyotegemea zawadi wala dau, na imefikiriwa hapahapa Kenya.

Maandishi ya ubaoni ni madogo, kaa mbele. Kipindi cha kwanza usikikose, na cha tatu nenda ukiwa umeshayaandika masharti manne ya James, uulize maswali yako mapema.