Usiulize gramu, inamisha picha: karatasi tatu za kuchapia, kuanzia ninayoipenda

Picha ya mama niliichapisha mara mbili. Ile ya kwanza iko uvunguni mwa kitanda, imelala kifudifudi.

Dukani ilinipendeza kweli. Ni ya nyeusi-nyeupe, mama kavaa koti jeusi, na muuzaji aliilaza chini ya taa huku akinisomea sifa: gramu 310 (uzito wa karatasi kwa mita ya mraba), weupe kiasi hiki, haichujuki miaka na miaka. Nikalipa. Nilipoitundika karibu na dirisha na kupita ubavuni, koti likageuka rangi ya shaba. Paji la uso, ambako wino ni mwepesi, likawa kama kipande cha nailoni kilichobandikwa. Ukisimama mbele huoni kitu. Ukisogea hatua moja, mama hayupo.

Tangu siku hiyo sisomi maandishi ya pakiti. Naishika picha kwa pembe mbili, nasogea dirishani, naiinamisha taratibu kama mtu anayetafuta ufa kwenye sahani. Natafuta kasoro moja tu: mng'ao usiolingana. Wino wa pigmenti, yaani wa chembe ndogo za rangi, hukaa juu ya uso wa karatasi, kwa hiyo palipojaa wino hung'aa kivyake na palipobaki peupe hung'aa kivyake. Weusi nao, ukipigwa na mwanga wa pembeni, unaweza kutoa ile shaba. Wahenga walituonya kuhusu ving'aavyo na dhahabu. Shaba walituachia wenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa Hahnemühle Photo Rag, bila aibu. Ni karatasi ya pamba isiyong'aa, na kwa kuwa haina mng'ao, hakuna cha kutolingana. Igeuze utakavyo. Lawama zake nazijua: weusi wake hauna kina kama wa karatasi za kung'aa, na uso wake huchubuka ukishikwa ovyo. Ni kweli. Lakini itundike, rudi nyuma hatua tatu, halafu uniambie kama ni jicho lako linalolalamika au ni kipimo cha mtu. Ina gramu 308, kwa wale wasiolala bila namba.

Ya pili ni picha inayosafishwa kwa dawa kwenye karatasi kama Fujifilm Crystal Archive. Wengi huiona ya kizamani. Hata hivyo, rangi zake huumbika ndani ya tabaka la karatasi yenyewe, hazikunyunyiziwa juu, hivyo uso ni mmoja kutoka pembe hadi pembe. Kwa picha za rangi za familia ningeishia hapo.

Ya tatu ni Canson Baryta Photographique II, karatasi yenye mng'ao. Ukiitazama mbele, weusi wake ni kisima. Ukiinamisha, mambo yanategemea printa. Zipo printa, mfano Canon PRO-1000, zenye wino wa ziada usio na rangi unaosawazisha mng'ao. Muulize mchapaji kama anao, na kama hajauzima ili kubana matumizi.

Karatasi za kung'aa za bei poa? Za kubandika mlangoni mwa friji, sawa.

Sasa wauzaji. Sampuli zao wamezifunga ndani ya nailoni, na nailoni inang'aa yenyewe, utaona nini? Au ni machweo matupu, wino umejaa kila kona, hakuna hata doa jeupe, na bila peupe kasoro hii hujificha. Dai sampuli yenye weusi mzito na weupe mtupu, kisha omba kutoka nayo mlangoni. Mimi nilijibiwa, "Sampuli haitoki nje." Na huyo huyo alipandisha bei kwa kila gramu iliyoongezeka, kana kwamba anapima misumari.

Nilipomrudishia picha ya mama, alinishauri nikaitie kwenye fremu ya kioo. Ni kweli kioo huipunguza ile shaba. Ila picha nilikuwa nimeshailipia, na sasa ananiuzia pazia la kuifunikia.