Yae Miko wa Genshin Impact: mbweha wa kulipia na mbweha wa bure

Niseme mapema: Yae Miko ni mhusika mzuri, lakini mbweha anayenikaa moyoni kule Inazuma, nchi ya visiwa ndani ya gemu hili, hauzwi, na wengi wanampita bila kumwona.

Yae alianza kuchezeka kwenye toleo la 2.5 la gemu, Februari 2022. Ndiye kuhani mkuu wa hekalu la Narukami, juu kabisa ya mlima Yougou, na papo hapo ana kampuni yake ya kuchapisha riwaya. Anakuchekea huku anakupima. Kwenye hadithi kuu (ruka hapa kama hujafika) msafiri, yaani wewe mchezaji, yuko hoi mbele ya adui aitwaye Scaramouche, Yae anatokea, na ili kumnusuru anatoa Gnosis ya Raiden Shogun, mungu anayetawala Inazuma; Gnosis ni moyo wa nguvu za mungu, naye anautoa kana kwamba analipa nauli ya daladala. Hapo ndipo nilipoamua namtaka.

Vitani anasimika miti ya sakura, mwisho mitatu, nayo inapiga radi yenyewe hata ukishambadilisha na mwenzake. Ikikaribiana inazidi makali. Ukifyatua shambulio lake kubwa, linalokula nishati 90, miti yote inageuka radi za kushuka toka juu. Raha! Kero ni kwamba lazima ubonyeze mara tatu, kila mara anateleza pembeni, na adui mrukaji anakuachia miti yako inalinda nyasi.

Jina la miti hiyo, Sesshou, linarudi kwenye jiwe la kweli huko Nasu, mkoa wa Tochigi, ambalo Wajapani husimulia kuwa lilifungia roho ya Tamamo-no-Mae, mbweha wa mikia tisa aliyemroga mfalme mstaafu Toba. Machi 2022 jiwe hilo lilikutwa limepasuka vipande viwili, wiki chache tu baada ya Yae kutoka. Watengenezaji wa gemu wasingeweza kununua tangazo kama lile.

Kuhusu gharama: mhusika unampata kwa kuvuta kura za bahati nasibu, na kura moja ni primogem 160, sarafu ya ndani ya gemu. Ndani ya kura 90 unahakikishiwa mhusika wa nyota tano, daraja la juu kama Yae, lakini anaweza kuwa mwingine kabisa, kwa hiyo hesabu mbaya inafika kura 180. Kwangu hiyo ni kamari iliyovaa kimono. Kusanya primogem za bure, subiri arudi kwenye kura, na hela ya ada iache ilale kwenye simu.

Sasa yule wa bure. Nenda kijiji cha Konda, anza kazi ya kusafisha mti mtakatifu. Chini ya kisima utamkuta mwanamke wa hekaluni mwenye kinyago cha mbweha, Hanachirusato, anayechukia matambiko lakini anakutuma uyafanye. Utazunguka Araumi na Yougou ukipanga mawe ya ulinzi, mengine yanakera kweli, halafu mizimu ya samurai inakurukia kabla hujapumua. Ukipata ile lenzi ya kumbukumbu, ielekeze kwenye kila sanamu ya mbweha unayoipita njiani. Watu waliokwisha kuondoka wanatokea kidogo, wanaongea mambo yao ya kawaida, wanapotea. Polepole unaelewa kwamba Hanachirusato ni kumbukumbu iliyobaki ya Kitsune Saiguu, mbweha mkuu aliyeshika hekalu kabla ya Yae na kuangamia kwenye maafa ya miaka 500 iliyopita. Baada ya hapo dharau za Yae hazisikiki tena vilevile. Unajua kiti anachokalia kilikuwa cha nani.

Fanya kazi hiyo kabla ya kupiga kura hata moja. Yae nampa nyota nne kati ya tano, Saiguu tano bila ubishi.

Gemu linakula nafasi vibaya na simu ya kawaida itachemka. Ukibanwa, futa sauti za lugha nyingine ubakize za Kijapani, maana Ayane Sakura anamtendea haki Yae, hasa kile kicheko kifupi kabla ya kukutega.